Walipokwenda Kuniulizia Chuoni

Treni niliipanda Butere, daraja la tatu, na sikuachana na reli mpaka nchi ilipokaribia kwisha. Butere hadi Kisumu, Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi pwani. Abiria walibadilika, mimi na sanduku langu la bati tukabaki. Kutoka Nairobi nilikaa na mwanajeshi aliyelala begani mwangu hadi karibu na Voi. Asubuhi harufu ya mafuta ikaingia dirishani, akafumbua macho, akatazama nje, akaniambia, "Haya bwana mdogo, umefika." Nikateremsha sanduku. Kumbe tulikuwa Changamwe, bado kuvuka kuingia kisiwani, na treni ikaondoka huku mwanajeshi wangu akinipungia mkono kwa furaha.

Nilitembea, nikauliza, nikapanda gari, nikavuka kivuko, nikauliza tena. Kila niliyemuuliza alianza na salamu, na salamu zao zilikuwa ndefu kuliko maelekezo. Nilikotoka, Mumias, mtu akikuuliza njia unamwonyesha kwa kidole. Huku niliulizwa nimetoka wapi, wazee hawajambo, safari ilikuwaje, ndipo nikaambiwa niupite msikiti ule nishike kushoto. Nilidhani wanapoteza wakati. Hilo ni kati ya mambo niliyoyaelewa nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Chuo kilikuwa upande wa Likoni, ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda kusini, karibu na mtaa uitwao Shika Adabu. Jina hilo tulilikuta, hatukulitunga, ila wanafunzi waliligeuza mzaha wa kila siku. Majengo yalikuwa machache, ya mawe ya matumbawe, msikiti katikati, mchanga kila mahali. Langoni paliandikwa chuo kikuu, na shahada zenyewe zilitoka kwenye chuo kingine ng'ambo. Tulisoma dini, Kiarabu, sheria na ualimu. Wengi walikuwa watu wa pwani. Swali la kwanza nililoulizwa bwenini lilikuwa kama ni kweli misikiti ya Mumias imejengwa kwa miwa. Nikasema ndiyo, na mvua ikinyesha tunailamba. Wakacheka, wakanipisha kitanda cha dirishani.

Mlezi wa wanafunzi, aliyeshika mambo yote ya nidhamu, alikuwa mtu wa Isiolo aliyesoma ng'ambo miaka mingi. Mwembamba, sauti ya chini, miwani aliyoifunga kwa uzi. Tulimwita Sheikh. Kabla yake makosa ya wanafunzi yalisomwa msikitini baada ya sala ya adhuhuri: jina, kosa, adhabu. Muda mfupi kabla sijafika lilisomwa jina la msichana aliyetoka chuoni bila ruhusa. Alikuwa amekwenda hospitali kumtazama shangazi yake, lakini hilo halikusomwa. Kufikia magharibi habari ilikuwa imevuka maji mara mbili, imefika kwao Kisauni, na njiani ilikuwa imeongezwa mwanamume. Uchumba wake ukavunjika, akaacha masomo.

Sheikh alipokabidhiwa kazi akaukomesha mtindo huo. Mafaili ya nidhamu akayafungia katika kabati la chuma ofisini mwake, ufunguo akauvaa shingoni chini ya kanzu. Barua za makosa hazikwenda tena nyumbani ila kwa sababu kubwa. Na mtu yeyote akija kuuliza habari za mwanafunzi, awe mzazi, awe imamu wa mtaa, awe tajiri aliyetujengea bweni, alipata jibu moja: "Ni mwanafunzi wetu. Zaidi ya hapo hatuzungumzi." Uwe mwema kupita wote au mkorofi kupita wote, jibu ni hilo. Tulimpenda kwa ajili hiyo. Tulilala vizuri zaidi tukijua ufunguo ule uko shingoni mwake.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa mwenyeji wa Likoni. Alilala kwao, akija chuoni kwa baiskeli. Babake alikuwa amefariki, na mjomba wake, kaka wa mamake, ndiye aliyewalea yeye na dada yake. Kwao mjomba ana kauli nzito hata baba anapokuwa hai. Mzee huyo alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, na tena imamu wa msikiti mdogo uliojengwa na babu zao. Alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba yeye akichoka, mpwa wake ndiye atakayeshika mahali pake. Rafiki yangu aliyasikia maneno hayo kila Ijumaa kama mtu anayevishwa joho lisilomkaa.

Likizo ndefu ilipofika bweni lilifungwa. Wenzangu walikwenda makwao. Mimi kwetu kulikuwa mbali, na ukweli ni kwamba sikutaka kurudi. Tangu niionje ile safari ya treni mwili wangu ulitaka kuona mahali pengine, popote. Rafiki yangu akanong'ona kwamba hoteli moja ya watalii kule Shanzu inatafuta vijana wa msimu, na wafanyakazi hupewa vitanda.

"Mbona tusiende hoteli ya Shelly hapa Likoni, karibu?" nikamwuliza.

"Shelly kila mvuvi ni shemeji yangu," akasema. "Shanzu mimi ni mtu tu."

Nyumbani kwao alisema amekwenda kusomesha madrasa ya likizo. Tukapewa makoti meupe. Yeye akawekwa nyuma ya baa kuosha bilauri, mimi nikabebeshwa trei. Juisi, kahawa, na bia. Katika dini yetu hasemwi mnywaji peke yake, abebaye naye yumo, na sisi tulilijua hilo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Tulijiambia ni msimu tu. Koti la mwenzangu lilichanika kwapani, akalibeba siku alipokwenda kuwaona nyumbani, likarudi limeshonwa kwa mkono mzuri mno. Nilimtania kwamba anafaa kuolewa. Hakucheka, nami sikuuliza zaidi.

Tulinaswa mchana kweupe. Naibu wa mkuu wa chuo alimleta mgeni kutoka ng'ambo, mmoja wa waliokisaidia chuo, wapate chakula. Nilikuwa napeleka chupa kwa meza ya Wajerumani walioungua jua mabegani. Naibu akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Kisha akainua kidole, akaniita kwa upole, akaagiza maji ya ndimu mawili. Nilipoyaleta alizungumza bila kuniangalia, mgeni akifikiri tunazungumzia chakula.

"Chuo kikifunguliwa uje kwa mlezi. Na yule mwenzako aliye baani asijifiche, nimemwona."

Baraza la Nidhamu lilikuwa na watu watatu: Sheikh, naibu, na mwalimu mzee wa fikihi ambaye alisinzia mpaka palipotajwa pombe. Naibu alitaka tufukuzwe. Mwalimu mzee akauliza kama tulikunywa. Tukaapa hatukunywa. Akauliza kama tulikunywesha. Hapo tukainama.

Rafiki yangu hakujitetea kwa lolote. Alisema tu, "Sheikh, nipigeni, nifukuzeni, lakini mjomba asijue."

Sheikh akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu. "Kilichosemwa humu kimebaki humu," akasema. "Kwa mjomba, kwa mama, kwa yeyote. Nami nikifa, kitazikwa nami. Ninyi wawili mnalindana: hakuna awezaye kulifungua la mmoja bila kulifungua la mwenzake."

Niliyashika maneno hayo kama zawadi.

Adhabu yangu ilikuwa kuondolewa bwenini muhula mzima. Mwenzangu hakuwa na bweni la kunyang'anywa, basi akapewa kuosha birika la maji ya kutawadhia la msikiti wa chuo na vyoo vyake kila siku kabla ya alasiri, muhula mzima. Alipoona sina pa kulala akanichukua kwao, akasema bweni limejaa. Nikapewa chumba cha nje, chenye mlango wa kufungukia uani.

Hapo ndipo nilipoyajua maisha ya nyumba ile. Mamake, mwanamke mtulivu aliyesikia kila kitu hata akiwa anakuna nazi. Mjomba, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache ng'ambo ya mihogo na ambaye alikuja kila jioni kunywa kahawa barazani. Na dada mtu, aliyekuwa amemaliza shule na kufundisha watoto wa chekechea. Alikuwa na desturi ya kunisahihisha Kiswahili akiwa hata hanitazami. Nikisema "nimekuja na miguu," yeye kutoka jikoni, "Na mikono umeiacha wapi?" Mamake hucheka kimyakimya. Nilianza kukosea makusudi.

Mjomba naye alikuwa na jambo lake la kujivunia. Aliambiwa na jamaa mmoja kwamba mpwa wake anaonekana kila siku akiosha birika la msikiti wa chuo. Akamwuliza. Mpwa akasema anajitolea kwa thawabu. Basi ikawa wimbo. Kila mgeni aliyeketi barazani alisimuliwa: vijana wa leo wanakimbilia hoteli za Wazungu, huyu wangu anasugua birika wengine wapate kusali. Rafiki yangu alikuwa akimimina kahawa na kutazama kikombe. Nilimwonea huruma, na wakati mwingine, lazima niseme, nililazimika kuingia chumbani nicheke ndani ya mto.

Muhula ukaisha, nikarudi bwenini, nikagundua kwamba jioni sisikii tena nazi ikikunwa wala sauti ya kunisahihisha. Nikarudi siku moja ya Jumamosi. Dada mtu alikuwa uani akianua nguo, mamake jikoni. Nikamwuliza waziwazi kama akija mtu kuposa kwa ajili yangu atapokelewa. Alikunja kanga moja, akakunja ya pili.

"Mjomba aulizwe," akasema.

Nilikwisha kukaa pwani vya kutosha kujua kwamba hilo lilikuwa ndiyo. Jikoni nazi ilikuwa imeacha kukunwa.

Sikuwa na wazee wa kunipelekea posa. Mpishi mkuu wa chuo, mzee wa Kisauni mwenye kilemba na tumbo la heshima, akakubali kuwa mshenga wangu. Alirudi amefurahi. Mjomba amempokea vizuri, amesema kijana anamjua kwa kukaa naye, ila kwao hakujui. Kwa kawaida, mpishi akanieleza, posa ikija watu wa msichana huenda mtaani kwa mvulana wakaulizia. Humwuliza jirani, mwalimu, mwenye duka. Mimi mtaa wangu ulikuwa siku tatu kwa treni. Basi mjomba atakwenda kuniulizia pale nilipo. Atakwenda chuoni.

Sikushituka. Nilifikiri juu ya ule ufunguo shingoni, nikaona nimesalimika.

Mjomba alikuja Jumanne, amevaa kanzu ya Idi. Mpishi mwenyewe alipeleka chai ofisini kwa Sheikh, na alikawia kuondoka kama wanavyokawia watu wenye sinia. Alinisimulia yote jikoni, mgongo akiugeuzia sufuria.

Mzee alisalimu kwa kirefu. Kisha akasema, "Sheikh, nina binti. Mwanafunzi wako ameleta posa. Hana mtu hapa wa kunieleza kwao kukoje. Nakuuliza wewe, na aulizwaye ana amana. Nimpe?"

Sheikh akajibu, "Ni mwanafunzi wetu. Zaidi ya hapo hatuzungumzi."

Mzee akangoja. Akanywa chai yake, akangoja tena. Sheikh naye alikaa, mikono mezani, mnyofu. Mwishowe mzee akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nimekuelewa, Sheikh. Mungu akulipe kwa kunisitiria."

"Mbona huo ni wema," nikasema.

Mpishi akageuka akanitazama kama kitu kilichoungua. "Wema gani? Umekwisha, mwanangu. Ukimwulizia kijana kwa watu, akiwa mwema husemwa: huyu ningempa binti yangu. Basi, neno moja, watu wanakwenda kununua ubani. Akiwa na doa, yule aulizwaye hataki kuubeba mzigo wa kumsema, basi hunyamaza. Kunyamaza ndiyo kusema. Mjomba ametoka hapa anaamini wewe ni mwizi, au una mke bara, au lililo baya zaidi. Na amemshukuru Sheikh kwa kumwonya."

Nilikwenda mbio, nikambishia Sheikh hodi wakati wa mapumziko yake. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho na uso wake ukabadilika, kwani hakuwa mtu wa pwani naye, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamwomba afungue la kwangu, amweleze mzee kweli, ni trei tu.

"Na nikisema ulikuwa hotelini, ataniuliza ulikuwa na nani."

"Basi usitaje kosa. Mwambie tu ningempa binti yangu. Neno hilo halina faili ndani yake."

Akageukia dirishani. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga mpira na mtu alikuwa akilalamika juu ya goli.

"Nikikusemea wewe," akasema, "kesho atakuja mwingine kuuliza habari za mtu ambaye siwezi kumsemea. Nitanyamaza. Na kwa kuwa jana nilisema, kunyamaza kwangu kutakuwa kumemshitaki. Leo jibu langu halina maana yoyote, ndiyo faida yake."

"Lina maana, Sheikh. Hapa lina maana tayari."

"Basi watazoea."

"Mimi nitakuwa wapi wakishazoea?"

Nilimchukia siku ile. Leo sijui. Miaka baadaye nilitafuta kazi ya ghalani Tanga, na mwenye ghala, mtu wa bara kama mimi, aliandika chuoni kuniulizia. Jibu likaja kwa sentensi zile zile mbili. Akalisoma, akasema, "Vizuri, hawana neno nawe," akanipa kazi. Nilicheka mpaka akadhani naumwa.

Wiki ile ile aliyokuja mjomba chuoni nilimwendea dada mtu kule chekechea, wakati watoto wanaimba herufi. Alitoka akasimama upande wake wa ua wa makuti, mimi upande wangu, mchana, mbele ya kila apitaye. Hakunisalimu kwa kirefu.

"Nini ulichofanya huko chuoni?"

"Si jambo kubwa."

"Likiwa dogo liseme. Likiwa kubwa liseme vilevile. Nitapima mwenyewe. Mjomba ameshapima, mama amenyamaza, kaka halali. Mimi peke yangu ndiye nisiyejua, na mimi ndiye ninayeposwa."

Nilitazama vidole vyake kwenye makuti. Nyumbani kwao palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akiosha birika kwa thawabu. Nikamwambia nitamweleza mjomba mwenyewe.

"Basi nawe ni kama wao," akasema, akarudi kwa watoto, na sauti yake ikaongoza zile herufi bila kutetemeka.

Mjomba alikubali kunisikiliza Alhamisi baada ya alasiri. Barazani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na rafiki yangu aliyeshika dele la kahawa. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake nilijua mama yuko. Mzee hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu, mimi si kadhi," akasema. "Umelala kwangu, umekula kwangu, sikukuona na ubaya. Lakini nimekuulizia na nimenyamaziwa. Mwenzako huyu yuko chuo kile kile, walimu wenyewe wamemwachia birika la msikiti. Wewe wamekunyamazia. Niambie mwenyewe."

Nikamwambia. Likizo, Shanzu, koti jeupe, trei za bia, baraza, kutolewa bwenini. Nikaapa wallahi ni hilo tu. Sikuwa nimekwisha kusema na tayari niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyebeba gunia la mawe akaambiwa ni pumba.

"Trei?" akauliza.

"Trei, mjomba."

"Hukunywa. Hukuiba. Huna mke kwenu."

"Sina."

Akanitazama sana. "Naona unasema kweli. Lakini mimi ninaona ninachotaka kuona, kwa sababu binti amekupenda. Sheikh mzima hawezi kunyamaza vile kwa trei. Nipe mtu mmoja. Uliyekuwa naye huko, mmoja tu, aje hapa aniambie ni hilo na si zaidi. Wallahi, Ijumaa ijayo nakuoza."

Dele liligonga kikombe. Rafiki yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na sikuthubutu kumtazama, kwa hofu kwamba macho yangu yangemtaja. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilimsikia akisema, "Mjomba..."

"Njoo huku," mamake akaita kutoka nyuma ya pazia.

"Naam, mama. Nakuja. Mjomba, mimi..."

"Nimesema njoo. Sasa hivi."

Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. Alisimama kidogo, kisha akaweka dele chini na pazia likamfunika. Nikabaki na mzee, na ile nafasi aliyokuwa amesimama.

Ningeweza kumtaja. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, na lilikuwa kweli. Nilifikiria wimbo wa birika, na wageni wote waliousikia, na Ijumaa atakayosimama mzee mbele ya watu aliowaahidi imamu. Nilifikiria pia Ijumaa yangu mimi. Kahawa ikapoa.

"Nilikuwa peke yangu, mjomba," nikasema.

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Mgeni wa Mumias, akaijua hoteli ya Shanzu peke yake."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Alionekana amezeeka. Akasema, "Haya. Tutakujulisha, inshallah."

Nilingoja. Mpishi hakuitwa. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeniletea neno, na nikikutana na mzee njiani tulisalimiana kwa kirefu, wazee wako hawajambo, masomo yanaendeleaje. Rafiki yangu alibadilisha njia ya baiskeli. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa birika, ingawa adhabu yake ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa bado analiosha. Hangeweza kuacha, mjomba angeuliza kwa nini. Alisema, "Nitamwambia. Nipe siku." Nikamwambia asimwambie. Nilisema hivyo nikitumaini hatanisikia. Alinisikia.

Mitihani ilikuwa mbele, lakini Likoni ilikuwa imekuwa mahali ambapo kila mtu alinisalimu vizuri. Nikamwendea Sheikh, nikamwambia naondoka. Hakunizuia. Aliniuliza kama nataka kuliona faili langu kabla sijakwenda, ni haki yangu. Nikasema silitaki. Akaushika ule ufunguo juu ya kanzu kama mtu anayejikuna, akaniombea dua ndefu. Cheti changu cha mwisho hadi leo ni kile nilichotoka nacho shuleni bara.

Siku ya kuondoka nilibeba sanduku la bati hadi kivukoni. Mamake rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya wauza machungwa, amejifunika buibui, kifurushi mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanikabidhi kifurushi. Vilikuwa vitumbua, bado vya moto.

"Lile koti nililishona mimi," akasema. "Lilikuwa linanuka pombe. Nilijua toka siku ile."

Watu walianza kusukumana kuingia kivukoni.

"Nina mwanamume mmoja tu," akasema tena. "Na binti ninaye mmoja. Usinifikirie kwamba sikumhesabu."

Nikamwuliza, "Yeye anasemaje?"

Alitengeneza kitambaa cha kifurushi, mikononi mwangu, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Ameuliza treni yako inaondoka saa ngapi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Nilifika stesheni mapema kupita kiasi. Nilikaa juu ya sanduku nikiutazama mlango wa kuingilia, nikainuka kila palipopita buibui. Abiria walipanda, nikapanda nyuma ya wote. Treni ilipotoka kisiwani ilisimama Changamwe, mahali pale pale niliposhukia kwa makosa nilipokuja, na bado kulikuwa na mwanga. Nilishusha dirisha, nikatoa kichwa nje. Kwenye changarawe walikuwapo mwuza maji na mwanamume aliyebeba godoro.

Sijui aliuliza saa ya treni ili aje, au ili ajue wakati wa kuacha kuningoja. Treni ikavuta, nikakaa, nikafungua kitambaa. Vitumbua vilikuwa vimepoa.